Kabla hujauza ng'ombe wa ada, yasome matokeo ya shule hivi

KILA Januari simu za wazazi hujaa orodha. Shule kumi bora Mara, shule kumi bora Musoma, shule tano zinazofaulisha watoto wote. Zinatoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine bila jina la aliyeziandika, na kwa chini mara nyingi kuna namba ya simu ya ofisi ya shule mojawapo inayopokea fomu za kujiunga.

Orodha hizo si za Baraza la Mitihani. NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa mwanzoni mwa mwaka 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana, hivyo kuwapanga kwenye mstari mmoja hakuna tija. Lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti ya baraza, bure, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuyafungua. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha shule sasa imebaki kwa mzazi, na wengi wetu hatukufundishwa kuifanya.

Kwa familia ya Kiriba kosa katika kazi hii lina bei kubwa. Hapa watu wanaishi kwa dagaa, mihogo na mifugo michache. Uamuzi wa kumtoa mtoto shule ya kata na kumpeleka shule ya kulipia Musoma mjini, Bunda au mkoa mwingine unaweza kumaanisha ng'ombe wawili wameondoka zizini, na mwakani wawili wengine. Kama shule ile ni bora kweli, fedha imefanya kazi. Kama ubora wake ulikuwa kwenye bango tu, mdogo wake aliyebaki nyumbani ndiye atakayelipa deni.

Mimi huandika habari za afya, na mzazi anaweza kuuliza matokeo ya mtihani yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu mengi yanayomwangusha mtoto darasani huanzia tumboni, machoni na njiani. Nitafika huko. Kwanza tuzisome namba.

Namba inayopanda na namba inayoshuka

Kwenye matokeo ya darasa la saba, kila somo kati ya masomo sita lina alama 50, jumla 300. Ukurasa wa shule unaonyesha wastani wa shule. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri. Wastani wa 241 na kuendelea ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Mtoto mwenye 121 amefaulu, lakini ana wastani wa kama 20 kati ya 50 kwa kila somo. Mwenye 180 naye yuko C. Kwa hiyo shule mbili zinazosema "tuna wastani wa C" zinaweza kuwa mbali sana. Uliza namba kamili.

Kwenye kidato cha nne mambo hugeuka. A inahesabiwa pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwanafunzi huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, zikajumlishwa pointi zake. Kuanzia 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. GPA ya shule nayo inafuata utaratibu huo, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Shule yenye 2.4 imeishinda yenye 3.6. Nimekutana na wazazi wanaodhani ni kinyume chake, na si ajabu, maana miezi michache kabla walizoea wastani wa darasa la saba ambapo kubwa ndiyo bora.

Sasa neno "wamefaulu". Baraza linapotoa asilimia ya ufaulu wa kidato cha nne, daraja la nne limo ndani. Shule inaweza kubandika bango la "asilimia 100" getini huku watoto wengi wakiwa wamepata daraja la nne, ambalo kwa kawaida halimfikishi mtoto kidato cha tano. Mzazi ahesabu daraja la kwanza, la pili na la tatu, ajumlishe, kisha agawe kwa idadi ya waliofanya mtihani. Hiyo ndiyo asilimia ya kulinganisha.

Hesabu vichwa, usihesabu asilimia peke yake

Kuna jambo moja ambalo asilimia haisemi. Ni watoto walioondoka kabla ya mtihani.

Baadhi ya shule huweka wastani wao wa ndani. Asiyefika anaambiwa akariri, ahame, au akafanyie mtihani kituo kingine. Wizara ya Elimu imewahi kukemea tabia hii, lakini mzazi hana haja ya kusubiri mkaguzi. Anaweza kuiona mwenyewe, kwa sababu watoto waliofanya mtihani wa kidato cha pili mwaka 2022 ndio waliotakiwa kufanya wa kidato cha nne mwaka 2024. Fungua kurasa zote mbili za shule hiyo hiyo, kisha linganisha idadi.

Tuseme shule ya kwanza ilikuwa na watoto 62 kidato cha pili. Miaka miwili baadaye waliofanya kidato cha nne ni 38, na wote 38 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Bango litasema asilimia 100. Shule ya pili ilikuwa na watoto 120, waliofika kidato cha nne ni 112, na 78 kati yao wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Bango lake, kama lipo, litasema asilimia 70.

Anza kuhesabu kutoka kidato cha pili. Shule ya kwanza imefikisha watoto 38 kati ya 62, ambao ni kama asilimia 61. Shule ya pili imefikisha 78 kati ya 120, asilimia 65. Shule iliyodharauliwa ndiyo iliyowavusha wengi zaidi. Tena wale 24 waliopotea kwenye shule ya kwanza nao walikuwa na wazazi, na wazazi hao walilipa ada ya miaka miwili au mitatu.

Tahadhari moja hapa. Si kila aliyeondoka amefukuzwa. Wapo waliohama na wazazi wao, walioshindwa kidato cha pili na kukariri kwa utaratibu wa serikali, waliokwenda ziwani kuvua na hawakurudi, na wasichana waliopata ujauzito. Hawa wa mwisho wana haki ya kurudi shuleni kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Kwa hiyo namba ikikushtua, nenda kaulize. Mkuu wa shule mwenye maelezo atakupa maelezo.

Walioingia ni akina nani

Kuna shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana na Kilakala. Huchukua watoto wenye alama za juu kabisa za darasa la saba. Seminari na shule nyingi za binafsi nazo hutoa mtihani wa kuingia. Sekondari ya kata haina geti la namna hiyo. Inampokea mwenye A na mwenye C wa mwisho, na wote wanakaa kwenye dawati moja.

Kwa hiyo kulinganisha sekondari ya kata ya Musoma Vijijini na shule inayochagua ni sawa na kulinganisha zahanati na kliniki inayopokea watu wazima tu. Wagonjwa wa kliniki watapona haraka, na daktari wake si lazima awe bora kuliko mganga wa zahanati. Linganisha kata na kata, Kiriba na kata jirani, na shule za kulipia zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Halafu uliza swali gumu zaidi: mtoto anayefanana na wangu, mwenye alama kama za wangu, anatoka pale na nini?

Wastani nao una watu uliowameza. Shule ya Msingi Mwisenge pale Musoma inajulikana nchi nzima kwa sababu Mwalimu Nyerere alianza masomo yake hapo mwaka 1934, akitokea Butiama. Leo shule hiyo pia husomesha watoto wasioona, pamoja na wenzao wanaoona. Kazi ya kumfundisha mtoto maandishi ya nukta nundu haionekani kwenye mstari wa wastani wa shule. Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu akichagua kwa orodha za WhatsApp, anaweza kuipita shule inayomfaa mwanawe bila kuiona.

Jambo jingine ni ukubwa wa darasa. Shule yenye watahiniwa 20, watoto wawili wakiugua siku ya hesabu, asilimia inashuka kwa kumi. Yenye watahiniwa 150, wawili hao ni kama asilimia moja tu. Shule ndogo hupanda na kushuka kwa mambo madogo. Angalia miaka mitatu mfululizo kabla ya kushangilia au kulaani.

Somo kwa somo

Chini ya ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne kuna jedwali la masomo. Wazazi wachache hufika huko, na kwangu mimi ndilo jedwali muhimu kuliko yote.

Kwenye vituo vya afya ninakozunguka nakutana na wasichana wengi wanaotaka kuwa wauguzi. Ili kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga, mwombaji anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, na kati yake lazima yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Msichana anaweza kurudi nyumbani na daraja la tatu zuri la Historia, Kiswahili na Uraia, nyumbani wakachinja kuku, halafu akakataliwa chuoni kwa sababu hakufanya Fizikia kabisa, au aliifanya akapata F pamoja na darasa zima.

Kwa hiyo tazama Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati. Ni watoto wangapi wamefanya somo hilo? Wangapi wamepata angalau C? Kama shule ina watahiniwa 90 na waliofanya Fizikia ni sita, hapo hapana mwalimu wa Fizikia, au yupo lakini maabara haipo. Mama anayesema "mwanangu atakuwa nesi" ameshapata jibu kabla ya kulipa nauli.

Yasiyoandikwa kwenye matokeo

Sasa nirudi kwenye kazi yangu.

Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akatembea kilomita nyingi bila uji, akakaa darasani hadi saa tisa bila chakula, hasikii hesabu ya saa saba mchana. Hata akiwa na akili ya ajabu. Ndiyo maana serikali ilitoa mwongozo wa chakula shuleni mwaka 2020, unaowataka wazazi na shule wapange pamoja. Uliza kama shule inapika, inapika siku ngapi kwa wiki, na wazazi wangapi wanatoa mahindi na maharage. Debe la mahindi ni nafuu kuliko ng'ombe.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna kichocho. Mtoto anayeoga na kuchota maji ziwani anaweza kukaa na vimelea kwa miaka. Dalili zake huja polepole: tumbo kuuma, damu kwenye choo, uchovu, upungufu wa damu. Mwalimu ataona mvivu. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa shuleni katika kampeni, na idadi ya vidonge hupimwa kwa urefu wa mtoto. Uliza kama shule ilishiriki kampeni iliyopita, na mwanao akikwambia aliikimbia siku ile kwa kuogopa ukubwa wa vidonge, mpeleke zahanati.

Macho je? Mtoto asiyeona ubao hasemi kwamba haoni, kwa sababu hajui wengine wanaonaje. Ananakili kwa jirani, anaitwa mwizi wa majibu. Ukiona anasogeza kitabu puani au anakunja uso kutazama mbali, mpime macho kabla ya kumhamisha shule. Selimundu nayo ni ugonjwa unaoonekana sana Kanda ya Ziwa. Mtoto anayekosa shule mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa na kulazwa anahitaji kliniki, na anahitaji mwalimu anayejua kwamba mtoto huyu hapaswi kuchapwa kwa utoro wala kuachwa bila maji ya kunywa.

Kwa msichana, tembelea choo. Ndiyo, omba uonyeshwe. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu, hesabu wanafunzi. Angalia kama milango inafungika, maji yapo, na kuna chumba cha kujistiri wakati wa hedhi. Msichana anayebaki nyumbani siku nne kila mwezi anapoteza kama siku moja ya masomo kati ya tano. Hakuna shule inayoweza kumfidia hilo kwa masomo ya jioni.

Bweni si dawa ya kila kitu

Wazazi wengi wakichoka na umbali huona bweni ndilo suluhisho. Kwa sekondari mara nyingi ni kweli, hasa kwa wasichana wanaopita njia zisizo salama. Kwa watoto wadogo, hapana. Kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023, serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kumgusa paji la uso usiku aone kama ana homa. Ukiambiwa "sisi tunapokea hata wa darasa la kwanza, tunawalea vizuri," jiulize shule inayokiuka waraka hadharani inakiuka nini kingine ndani ya uzio.

Mama mmoja muuza dagaa katika mwalo mmoja wa Musoma Vijijini aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, rahisi kwako kusema tusiamini mabango. Mimi sijui kufungua hiyo tovuti, ninachoona ni mtoto wa jirani anaongea Kiingereza, wangu haongei." Nilimwelewa. Kiingereza ni jambo la kweli. Mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yamegeuka lugha ndani ya siku moja, na wengi huanguka hapo hata kama walikuwa na A darasa la saba. Aliyetoka shule ya Kiingereza anavuka shimo hilo kirahisi.

Tukakaa kwenye gogo, nikafungua simu, tukatazama shule tatu. Aliyokuwa akiitamani ilikuwa imepoteza karibu theluthi ya watoto wake kati ya kidato cha pili na cha nne. Ya pili, ya kulipia pia lakini ya ada ya chini, ilikuwa imewatunza karibu wote na masomo ya sayansi yalikuwa ya kuridhisha. Ya tatu ilikuwa sekondari ya kata, yenye Biolojia nzuri na Hisabati mbaya miaka yote mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hisabati si anaweza kufundishwa pembeni?" Anaweza. Masomo ya ziada ya Hisabati na Kiingereza wakati wa likizo, pamoja na debe la mahindi la chakula cha mchana, yanaweza kugharimu sehemu ndogo tu ya ada ya mwaka. Hakuamua siku ile, na wala sikumsukuma. Lakini alikuwa na maswali ya kwenda nayo kwa wakuu wa shule wawili, na hilo si dogo.

Shule za kulipia zipo zinazostahili kila shilingi, na sekondari za kata zipo zinazohitaji wazazi wazipigie kelele kwenye mkutano wa kijiji mpaka mwalimu wa sayansi aletwe. Wazazi wa Musoma Vijijini wamezoea kubeba mawe, mchanga na maji kujenga madarasa. Wana kila haki ya kuuliza ndani ya madarasa hayo kunafundishwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka fomu, andika kwenye daftari shule mbili au tatu. Kwa kila moja jaza miaka mitatu ya daraja la kwanza hadi la tatu, idadi ya kidato cha pili na ya kidato cha nne, na masomo manne ya sayansi. Kama huwezi kufungua tovuti, mwombe kijana wa bodaboda mwenye simu, au mwalimu wa msingi wa mtoto wako. Kisha nenda shuleni siku ya kawaida, si siku ya mahafali. Tazama jiko, tazama choo, hesabu watoto kwenye darasa moja.

Ukirudi nyumbani, kaa na mtoto mwenyewe. Muulize anaona ubao, anakula nini mchana, njiani anamwogopa nani. Usimuulize mbele ya wageni, na akianza kujibu usimkatize.